"Kasemaje?" Uzi wa tunaotazama filamu za zamani za Waingereza na kuambulia patupu

MWANA WA STESHENI (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mzee wangu alikuwa karani wa tiketi reli, kastaafu siku nyingi. Macho yake bado yanaona picha vizuri ila herufi ndogo yamegoma, kwa hiyo magazeti ameacha na maandishi ya chini ya filamu kwake ni vumbi tu. Kilichobaki kumfurahisha ni filamu za Waingereza za kabla ya rangi. Hataki hizi za kurushiana risasi. Anataka watu wenye kofia, treni ya moshi, na mvua. Kila Jumamosi baada ya magharibi nakaa naye, na kila baada ya dakika mbili swali ni lile lile: "Kasemaje?"

Sasa mimi Kiingereza nimesoma, kazini ndicho ninachoandikia kutwa. Filamu ya Marekani naielewa hata nikiwa nakula. Lakini hizi za elfu moja mia tisa arobaini na kitu, mtu anashusha sentensi ndefu kama treni ya mizigo, mimi naambulia "rather" na "darling". Namwambia mzee, "Anasema amesikitika." Mzee ananigeukia taratibu. "Maneno yote yale, amesikitika tu?"

Basi nikaona aibu, nikaanza kufuatilia. Miezi minne sasa. Nimegundua tatizo si Kiingereza changu peke yake, na nyie mnaohangaika kimyakimya msijione wajinga.

Anza na sauti yenyewe. Filamu zile sauti ilichapwa palepale kwenye mkanda, ukanda mwembamba wa michirizi pembeni mwa picha. Taa inamulika, mwanga unapenya kwenye michirizi, na jicho la umeme upande wa pili linaugeuza mwanga kuwa sauti. Maana yake vumbi na mikwaruzo navyo vinasomwa kama sauti. Ndiyo ile ya bisi kwenye sufuria unayoisikia nyuma ya maneno. Ili isiwakere watazamaji, sauti nyembamba zilipunguzwa makusudi ukumbini. Mwaka 1938 Hollywood waliweka kiwango kilichotumika miongo mingi: ukifika hezi 5,000 (hezi hupima wembamba wa sauti, desibeli nguvu yake) sauti imeshushwa desibeli 10, ukifika 8,000 imeshushwa 18. Sasa huko juu ndiko zinakoishi s, f, t na th. Vokali zinakaa chini, zimesalimika.

Ukitaka kujua hasara yake, chukua "shati safi la fundi" ufute konsonanti zote. Inabaki a-i a-i a u-i. Mtu akikwambia hivyo kutoka chumba cha pili utamwitikia "eeh?" hata kama umezaliwa Tanga.

Na hiyo ni kwa mkanda mzima wa milimita 35. Nakala nyingi zilizozunguka mashuleni, vijijini na kwenye televisheni zilikuwa za milimita 16. Ule mkubwa unapita futi 90 kwa dakika, mdogo futi 36. Sauti ile ile imebanwa kwenye futi chache, kwa hiyo sauti nyembamba zinaumia zaidi. Nakala niliyonayo mimi ya filamu moja naamini imetoka huko, maana wahusika wote wanaongea kama wana pamba mdomoni.

Halafu midomo. Hapa ndipo nilipokaa sana.

Sikio letu limelelewa na Kiswahili, na kwenye Kiswahili kila silabi inalipwa mshahara wake. Ha-ba-ri-ga-ni, zote tano zipo kazini. Kiingereza cha hawa mabwana silabi moja inakula mshahara wa nne. "I should have thought so" kwenye karatasi ni maneno matano yaliyosimama wima. Mdomoni mwao ni "ashdv-THOOT-so". Wewe unasubiri "should" na "have" zifike, mwenzako kashuka kituo cha tatu. Dawa niliyoipata ni kuacha kusubiri. Shika neno lile lililopigwa nguvu, mengine yajaze mwenyewe kwa kujua sarufi. Na tusijidai sisi hatumezi. Mgeni aliyefundishwa "nimekwisha kumwambia" mwache akutane na "nshamwambia" uone atakavyohaha.

Juu ya hayo kuna lafudhi ya tabaka la juu la enzi zile, ambayo hata Waingereza wa leo hawaongei hivyo. Tazameni Brief Encounter ya 1945. Mzee wangu anaipenda kwa sababu karibu yote inazunguka stesheni, na matukio yale ya stesheni yalipigwa Carnforth, kaskazini, mbali na hofu ya mabomu maana vita ilikuwa haijaisha. Celia Johnson anatamka "happy" unasikia "hepi", "man" inasogea hadi unahisi kasema "men". "Off" inakuwa "oof", "lost" inakuwa "loost", "girl" wengine wa tabaka lake wanasema "gel". R ya katikati wanaigonga mara moja kwa ulimi, kama yetu kabisa, ndiyo maana "very" inafika sikioni kama "vedi". Nilipoziandika hizi kwenye daftari, siku hiyo hiyo maneno yakaanza kufunguka. Nilikuwa nayajua yote. Nilikuwa sijui sura zao za nyumbani tu.

Humo humo kuna mama wa mgahawa wa stesheni, Joyce Carey ndiye anayeigiza, anayejitahidi kuongea kibwanyenye. Akikasirika lafudhi inamponyoka anarudi alikotoka. Mzee alicheka kabla yangu. Kumbe alifanya kazi na karani wa namna hiyo, akipokea simu ya mkubwa anageuka mtu mwingine.

Jambo moja lilinipa amani. Mwaka 1929 Hitchcock alikuwa anatengeneza Blackmail kama filamu bubu, katikati ya kazi sauti ikaingia. Nyota wake Anny Ondra alikuwa Mcheki, lafudhi nzito, na mhusika alitakiwa awe binti wa London. Kuingiza sauti baadaye ilikuwa bado ni mtihani. Wakamsimamisha Joan Barry nje ya picha na maikrofoni, yeye anasema, Ondra anachezesha midomo. Na ndani ya filamu ile kuna kifungua kinywa maarufu: binti ameua mtu kwa kisu, jirani anapiga umbea juu ya mauaji hayo, maneno yanafifia yanakuwa mnong'ono usioeleweka, kinachosikika ni "knife" tu, "knife", "knife". Mzee hakuuliza kasemaje.

Sasa ombi. Nina flashi nilinunua imeandikwa "za zamani", faili hazina hata majina. Mojawapo ni ya watu wa kaskazini mwa Uingereza, nyumba za matofali, masizi, babu kakaa jikoni. Mjukuu anaingia, babu anabwata kitu. Nimerudia labda mara arobaini. Nasikia "PURR-WUDIN-TOIL". Nikamwambia mzee kuwa anamtuma mtoto chooni, maana "toil" nikajua ni "toilet" imekatika. Mzee akasema, "Ndiyo kwanza kaingia, akafanye nini chooni?" Wajuzi njooni.

KIROBOTO WA ILALA

Mkuu umeandika thesis. Si umtafutie mzee DJ wa kutafsiri tu kama zile za kibanda umiza? Siti ya mbele nimeshakaa.

MWANA WA STESHENI

Nilijaribu. Kwanza hakuna DJ anayehangaika na filamu ambayo tukio kubwa ni mtu kuingiwa na chembe ya vumbi jichoni. Pili DJ anaongeza zake. Mzee anataka kilichosemwa. Karani wa tiketi huyo, hesabu lazima zifunge.

FUNDI SABUFA

Umesema kweli kuhusu mkanda, lakini hujawaambia watu wafanye nini, na najua wanachofanya: wanaongeza sauti, wanaongeza besi. Hapo mnazika maiti mara ya pili. Besi ndiyo inayofunika maneno.

Zima sabufa kabisa. Shusha kila kitu chini ya hezi 150, kwenye filamu hizi huko chini kuna muungurumo wa mashine tu. Pandisha kidogo kati ya 2,000 na 4,000, desibeli tatu au nne zinatosha, ukizidisha zile bisi zitakutoboa masikio. Kama TV yako ina mbwembwe za kuzungusha sauti chumba kizima, zima. Sauti ya filamu hizi ni mono, imetoka sehemu moja, ukiitawanya unaipaka matope. Na TV bapa nyingi spika zinatazama chini au ukutani, kwa hiyo spika moja ndogo ya kawaida ukiiweka mbele ya mzee, usawa wa masikio, itashinda sabufa ya laki tatu. Redio ya zamani yenye sehemu ya kuchomeka waya inafaa kabisa.

La pili watu hawalijui. Nakala iliyo kimya sana, haina hata chembe ya "shhh" nyuma, iogopeni. Mara nyingi aliyeisafisha kaondoa "shhh" na zile s na f zikaondoka humo humo. Ukikuta mbili, moja ina kelele na moja safi kama maji ya chupa, jaribu kwanza yenye kelele. Sikio lako lina akili kuliko programu yake.

La tatu, kasi. Filamu ilipigwa picha 24 kwa sekunde, televisheni ya Uingereza ilikwenda 25. Badala ya kuhangaika waliikimbiza tu. Ya dakika 100 inaisha kwa dakika 96 na sauti zote zimepanda kidogo, na DVD nyingi za kule ziko hivyo. Ukiona watu wote wanaongea kama wanafukuza daladala, shusha kasi iwe 0.96. Programu ya VLC inakubali. Kwa mahali pagumu shusha hadi 0.8, chini ya hapo maneno yanavutika kama ubuyu.

MWANA WA STESHENI

Fundi, hapo kwenye sabufa umenikamata. Ndiyo niliyomnunulia mzee sikukuu.

MWALIMU WA ZAMU

Nyongeza ndogo. Anayeanza asianze na filamu yoyote tu, aanze na Pygmalion ya 1938, Leslie Howard na Wendy Hiller. Hadithi yenyewe ni ya muuza maua anayefundishwa kutamka kama mtu wa tabaka la juu. Faida yake kwetu ni kwamba mdomo ule ule mmoja unakupa Kiingereza cha mitaani London na cha ikulu ndani ya filamu moja, unavipima wewe mwenyewe. H inavyoanguka mwanzoni, "house" inakuwa "aus", halafu unaona inavyorudishwa kwa nguvu mpaka inazidi.

Tahadhari tu: Kiingereza cha mitaani kwenye filamu za miaka ya 30 na 40 mara nyingi kimesemwa na waigizaji wa jukwaani waliofunzwa kutamka ili mtu wa siti ya nyuma asikie. Kimesafishwa. Kuanzia 1960 hivi, filamu zilipohamia Nottingham na Salford na viwandani, ndipo inapoanza kazi kweli.

JIRANI WA NAKURU

Niaje watu wa Bongo. Hamjagusa pesa, na mimi pesa ndiyo ilinichanganya zaidi. Mtu anauliza bei, anajibiwa "two and six". Mimi nikadhani ni ishirini na sita. Kumbe ni shilingi mbili na peni sita. Peni 12 shilingi moja, shilingi 20 pauni, na hiyo hesabu iliendelea mpaka Februari 1971. Ukisikia "thrapns" usitafute, ni "thruppence", peni tatu. "Tanner" ni peni sita. "Guinea" si nchi, ni shilingi 21. "Bob" ni shilingi, na hiyo sisi Kenya hatukufundishwa na filamu, bado tunasema mia bob hadi leo. Guka wangu, yaani babu, alikuwa ananitafsiria bila kujua Kiingereza, kwa sababu ya pesa tu.

MZEE SUMUNI

Guka wako alikuwa na bahati, sisi wengine ilituchanganya. Shilingi yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti mia, ya kwao peni kumi na mbili, jina moja watu wawili. Lakini pauni ilikuwa ni shilingi ishirini pande zote mbili, na bado kuna wazee wanahesabu hivyo. Jina langu hapa jukwaani vijana wananiuliza ni la nini. Ni senti hamsini, wajukuu.

NESI WA LEEDS

Nimecheka peke yangu kwenye basi, mama mmoja kanitazama.

Kaka, huyo babu hajamtuma mtu chooni. Hapa Yorkshire nina mwaka wa tisa, nafanya wodi ya wazee, na hiyo sentensi naisikia kila majira ya baridi. "Put wood in t'hole." Weka ubao kwenye tundu. Yaani funga mlango.

Inakuwa hivi. "The" huku kwao haipo, imebaki t kidogo kooni, wakati mwingine hata hiyo t huisikii, ni kama mtu kakwama pumzi. H imeanguka. "Hole" wazee wa upande huu wanaitamka "oil". Kwa hiyo "in t'hole" ndiyo hiyo "intoil" yako. Ulisikia sawasawa kabisa, sikio lako halina kosa. Wana mzaha wao kuhusu hii: "it isn't in the tin" wanasema inatoka "tintintin".

Mengine utakayokutana nayo: "nowt" ni hakuna kitu, "owt" ni chochote, "summat" ni kitu fulani. "Thee" na "tha" bado zipo kwa wazee, ni "wewe" ya watu waliozoeana, usimwambie daktari. "Our Billy" si Billy wetu sote, ni ndugu yake anayeongea. "Half seven" ni saa moja na nusu, na wewe ukichanganya na saa zetu utafika siku nyingine. Na "dinner" kwa wengi ni chakula cha mchana, "tea" ni cha jioni. Wiki yangu ya kwanza nilialikwa "tea" na mwenzangu wa kazini, nikala ugali wangu kabisa nikijua naenda kunywa chai. Nikakuta viazi, nyama, mchuzi, mezani watu sita wananisubiri mimi. Nilikula. Ningefanyaje?

Ukitaka kuzoesha sikio tafuta Kes, 1969, ya Ken Loach. Imepigwa Barnsley, si mbali na hapa, na kijana mwenyewe David Bradley ni wa huko huko, kwa hiyo hakuna kuigiza lafudhi. Usivunjike moyo ukikosa nusu. Ilibidi itengenezwe sauti ya pili kwa ajili ya soko la nje, maneno yakarekodiwa upya ili wageni wapate kitu. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua ile ya kwanza uteseke vizuri.

KIROBOTO WA ILALA

Weka ubao kwenye tundu!! Kuanzia leo nyumbani kwangu hakuna "funga mlango".

MWANA WA STESHENI

Dada Nesi, Mungu akulipe. Nimerudisha jana usiku, sabufa imezimwa kama alivyoagiza Fundi, spika ya redio mbele ya mzee. "Put wood in t'oil." Safi kama kengele. Sasa siwezi hata kuisikia ile ya mwanzo nikitaka.

Na nikaona kitu. Mtoto anaingia, pazia linapepea, babu anabwata, na mtoto bila hata kugeuka anausukuma mlango kwa kisigino. Mara arobaini nimetazama kipande kile nikikodolea midomo ya babu, mlango sikuwahi kuuona.

Nikamwambia mzee, "Baba, kumbe alisema afunge mlango."

Akasema, "Si ameufunga?"

"Ulijua?"

"Nilijua. Uliposema choo nikadhani kuna maneno mengine."